Mke mwenza wangu ni kompyuta ya kichogo

Hebu tuwe wakweli, msomaji wangu. Ni mwanamke gani anayekubali sebule yake igeuzwe stoo? Wenzangu wana waume wanaoshinda kwenye mpira, wengine baa, na wengine Mungu peke yake ndiye anajua wako wapi. Wangu anashinda nyumbani. Ukisikia hivyo utasema nimepata bahati, na mama yangu mzazi ndivyo anavyosema mpaka leo.

Tatizo ni kwamba hashindi na mimi. Anashinda na kompyuta. Na wala sizungumzii hizi nyembamba unazobeba kwenye pochi. Nazungumzia yale madude ya rangi ya maziwa yaliyogeuka manjano, yenye monita ya kichogo, kibodi nzito kama tofali na sehemu ya kuingiza flopi. Wadogo zetu wa siku hizi ukiwaonyesha flopi wanauliza kama ni kava la kitu.

Mume wangu ni mhasibu. Mchana anahesabu pesa za watu, usiku anafungua mashine zilizokufa na kuzifufua. Anazinunua kwa mafundi wa Kariakoo, anaziokota kwenye ofisi zinazohama, anazipokea kwa marafiki wanaosafisha stoo. Miaka saba ya mwanzo ya ndoa yetu nilivumilia. Mwaka wa nane, uvumilivu ulinishinda.

Siku nilipomwita mtu wa vyuma chakavu

Ilikuwa Jumamosi na yeye alikuwa amesafiri kikazi. Wageni wangu walikuwa wanakuja jioni na kwenye kona ya sebule kulikuwa na mashine tatu zimepangwa kama maiti. Nikamsikia mtu wa vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake. Sikufikiri mara mbili. Nikamwita, akapima kwa macho, tukakubaliana shilingi 18,000 kwa zote tatu. Nikanunua soda za wageni.

Aliporudi Jumatatu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama pale kwenye kona, akaangalia sakafu iliyokuwa inang'aa, akauliza swali moja tu: "Hata ile ndogo?"

Ile ndogo ilikuwa Macintosh Classic ya mwaka 1990, yenye kioo chake kidogo cha inchi tisa ndani ya boksi hilo hilo. Alikuwa ameitengeneza kwa miezi minane. Alibadilisha kapasita zilizovuja moja baada ya nyingine, akasafisha ubao kwa mswaki na spiriti, na wiki ile ndiyo kwanza ilikuwa imewaka. Mimi sikujua. Sikujua kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Tulikaa siku nne bila maongezi zaidi ya "chakula tayari" na "umeme umekatika". Jamani, wanandoa mnaojua kimya cha namna hiyo mnanielewa. Siku ya tano nikaenda kumtafuta yule mtu wa mkokoteni. Nikamkuta. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba zimeshavunjwa, nyaya zimechomwa kupata shaba, na makava yametupwa. Moshi wa nyaya zile, na risasi iliyomo kwenye kioo cha monita ya kichogo, ni sumu. Na pale walikuwepo watoto wanacheza. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu mara mbili.

Kwani anaona nini humo?

Usiku ule nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tukiwa wachumba: "Hivi unaona nini kwenye hivi vitu?"

Akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza bila kushika simu. Akaniambia kwamba kompyuta ya kwanza kufungwa Tanzania ilikuwa ICT 1500, Wizara ya Fedha, mwaka 1965. Akaniambia kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo IBM ilipotangaza PC yake tarehe 12 Agosti 1981, mashine yenye prosesa ya megahezi 4.77 na bei ya kuanzia ya dola 1,565, wenzetu huko walianza kuzipeleka majumbani, lakini huku kwetu marufuku ilikuwa bado inatukumbuka.

"Ndiyo maana hapa kwetu kila mashine ya zamani ina hadithi," alisema. "Kuna mtu aliiombea kibali, au aliibeba kwenye meli, au aliuza ng'ombe. Hakuna iliyokuja kwa bahati mbaya."

Nikamuuliza kama zina pesa, maana mimi ni mtoto wa mjini. Akacheka. Huko nje zipo zenye pesa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Henry Ford, Marekani, lilinunua Apple-1 mnadani kwa dola 905,000. Lakini ile ilikuwa moja kati ya chache sana zilizobaki duniani. Za kwetu nyingi ni za kawaida kabisa, na hata ukizing'arisha namna gani, hazitakujengea nyumba. "Mimi napenda tu kitu kilichokufa kikiwaka tena," alisema. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ipo moja ambayo bado sijaigusa. Ya mzee."

Safari ya Ifakara

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alipoacha chaki alifungua stesheneri ndogo Ifakara mjini, akanunua kompyuta ya mtumba mwaka 2001, na kuanzia hapo karibu kila karatasi ya mtaa wao ilipita mikononi mwake. Barua za kuomba kazi, kadi za michango, mikataba ya mashamba ya mpunga, matangazo ya vifo. Alifariki mwaka 2016. Mashine ilifunikwa kitambaa cha vitenge na hakuna aliyeigusa tena.

Mimi na mzee, niseme ukweli, hatukuwahi kuwa karibu. Mimi natoka Moshi, yeye alikuwa mtu wa Kilombero, na barua ya posa aliyoileta kwetu mwaka 2013 ilikuwa kavu kama ya kuomba likizo. Aya mbili, sahihi, tarehe, basi. Shangazi zangu waliisoma kwa sauti wakaangaliana. Tangu siku hiyo niliamini kwamba hakunitaka, ila alishindwa kumkatalia mwanaye. Nilikaa na jambo hilo moyoni miaka yote, na mume wangu sikumwambia.

Tukaenda Juni, mvua zimekwisha na mpunga unavunwa. Kama hujawahi kupita njia ile, nenda. Ukiiacha barabara kuu pale Mikumi unashuka Kidatu, kwenye mashamba ya miwa na kituo cha umeme wa maji cha megawati 204. Kuanzia hapo milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa kulia, kijani mpaka unashangaa, na reli ya TAZARA iko nawe bondeni.

Njiani mume wangu akanipa somo lingine. Usione Ifakara iko mbali ukadhani kompyuta zilichelewa kufika. Maabara ya Waswisi ilianza pale mwaka 1957, na leo ndiyo taasisi kubwa ya utafiti wa afya inayobeba jina la mji huo. Kuanzia 1996 watafiti waliandikisha watu kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Takwimu hizo ziliingizwa kwenye kompyuta za enzi hizo, madude haya haya ninayoyalalamikia. Na mwaka 2001 matokeo ya utafiti wa bondeni humo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la watoto wadogo kunusurika kifo.

Nikaangalia nje ya dirisha. Kumbe lile dude la manjano limewahi kusaidia kujua watoto wangapi wamepona.

Uani kwa mama mkwe

Mama mkwe alitupokea kwa wali wa Kilombero na samaki wa mtoni. Alipoona bisibisi mezani akauliza, "Mnataka kuichokonoa ya baba yenu?" Mume wangu akasema, "Mama, tunataka kuiamsha." Akatutazama sana, kisha akaenda mwenyewe kutoa kile kitambaa.

Nilidhani mtu anachomeka waya ukutani, basi. Kumbe hapo ndipo watu wanapoziua. Mashine iliyolala miaka, unyevunyevu wa bondeni unaingia, vumbi linashika, kapasita zinachoka. Ukiipa umeme ghafla inaweza kuungua. Kwanza inafunguliwa.

Ndani tulimkuta mjusi amekauka, mayai yake mawili, na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Mume wangu alitoa kila kipande, akakisafisha kwa brashi ya rangi na spiriti. Kadi za RAM alizisugua kwenye meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule, taratibu, mpaka ziking'aa. Betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, alibadilisha. Bahati nzuri aina hiyo haivuji sana. Zile betri za pipa za mashine za zamani zaidi zinamwaga majimaji yanayokula njia za shaba kwenye ubao, na ukizikuta inabidi kutuliza sumu hiyo kwa siki kwanza. Pawasaplai aliijaribu peke yake, kisha tukapitisha umeme kwenye stabilaiza, maana ukaribu wa Kidatu hauzuii umeme kupanda na kushuka.

Monita ya kichogo alinikataza kabisa kufungua. Hata ikichomolewa inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti, na haikupi onyo.

Na mimi je? Mimi nilipewa kava. Plastiki ile inageuka manjano kwa sababu ya jua, joto na umri, na lawama nyingine huwekwa kwenye kemikali ya kuzuia moto iliyochanganywa humo. Wapenzi wa mashine hizi waligundua kwamba ukiipaka peroksaidi na kuianika kwenye mwanga mkali, weupe unarudi. Mwaka 2008 mchanganyiko huo ulipata hadi jina, Retr0bright. Mume wangu alipokuwa anaeleza peroksaidi ni nini, nikacheka. Ni ile ile krimu ya saluni ya kufungulia rangi ya nywele! Nikaenda sokoni nikarudi nayo. Nikavaa glovu, nikapaka, nikafunga kwa nailoni, nikaanika kwenye jua la Ifakara, nikawa nageuza kila baada ya muda kama ninayekausha dagaa. Jioni lilikuwa limerudi rangi ya maziwa. Mama mkwe alilishika akasema, "Hivi ndivyo lilivyokuwa siku ile amelileta."

Miaka saba nililalamika kwamba hobi yake inanitenga. Siku moja tu niliyopewa kazi, sikutaka kuondoka uani.

POSA1, POSA2, POSA3

Tukawasha usiku. Feni ikalia, herufi nyeupe zikatokea, na saa ya mashine ikasema leo ni tarehe 1 Januari 1980, kabla mimi sijazaliwa. Mama mkwe akapiga kigelegele kidogo. Kisha hadidiski ikaanza kulia tik, tik, tik, na mume wangu akashusha mabega. Imekufa. Kazi zote za mzee alizoziweka humo ndani zimekwenda nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anaweka masanduku ya vipuri. Kwenye begi alikuwa na hadidiski nyingine ya umri huo huo, yenye Windows 98 na Word 97, ambayo kama ingekuwa kwenye kona ya sebule Jumamosi ile ningeiuza. Akaifunga. Ikawaka.

Zilibaki flopi. Mzee alizitunza kwenye kopo la Blue Band, kumi na moja, na kila moja ameandika kwa kalamu yake ya mwalimu. Flopi moja inabeba megabaiti 1.44. Simu ya gigabaiti 64 ina nafasi ya kuzidi flopi 40,000. Lakini zile kumi na moja, usiku ule, hazikuwa na kipimo. Saba hazikusomeka kabisa, ukungu umeshazila. Nne zilifunguka. Kwenye moja, kati ya orodha za michango na bei za mpunga, kulikuwa na mafaili matatu: POSA1, POSA2, POSA3.

POSA3 niliitambua. Ndiyo ile kavu iliyofika Moshi.

POSA1 ilikuwa kurasa mbili. Mzee alikuwa amewaandikia wazazi wangu kwamba kazi ya kuchapa barua imepungua na hana cha kujivunia mbele yao, ila nyumba yake haijawahi kumlaza mtu njaa. Aliandika kwamba binti yao amemuona mara moja tu, lakini mama mwenye nyumba ameshauliza mara nne atarudi lini. Aliandika kwamba anaogopa kukosea adabu za Wachaga kwa kuwa hazijui, na anaomba asamehewe mapema.

POSA2 ilikuwa imepunguzwa nusu. POSA3 ilikuwa imebaki mifupa. Mwalimu alijisahihisha mpaka akafuta moyo wake wote, kwa hofu ya kukosea mbele ya wakwe.

Na barua nzima, msomaji wangu, ilikuwa imepigiwa mistari myekundu chini ya kila neno. Word 97 haikujua Kiswahili. "Binti" kosa. "Ndoa" kosa. "Tunamngoja" kosa. Mume wangu anasema mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, lakini kwa mzee hazikufika. Alizoea kuandika huku mashine inamwambia amekosea.

Nililia pale pale, nikamwambia mume wangu nilichokificha miaka yote. Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "mimi niliuliza zaidi ya mara nne."

Sijui kwenye zile tatu nilizouza kulikuwa na nini. Nitakaa na swali hilo, ndiyo adhabu yangu. Lakini tangu Juni ile, nyumbani kwetu tumewekeana utaratibu.

Kama unaishi na mkusanyaji

1. Uliza kabla ya kutupa. Si "Hii takataka ya nani?" bali "Hii ina hadithi gani?" Utashangaa majibu.

2. Mpeane eneo. Sisi tumekubaliana chumba kimoja na rafu tatu. Mashine mpya ikiingia na rafu zimejaa, moja inatoka, tena inakwenda kwa mkusanyaji mwingine au fundi anayehitaji vipuri. Sebule ni ya wageni.

3. Wekeni bajeti ya wazi. Hobi haifichwi kwenye risiti za mafuta ya gari. Kiasi fulani kwa mwezi, kikiisha kimeisha. Na wewe pia uwe na cha kwako.

4. Omba kazi. Huna haja ya kujua kuchoma risasi kwenye ubao. Kuna kusafisha, kuandika lebo, kupiga picha, kupaka krimu. Mikono ikiwa na kazi moja, mdomo unafunguka wenyewe.

5. Usalama kwanza. Monita ya kichogo na pawasaplai hazifunguliwi na asiyejua. Peroksaidi inataka glovu na miwani. Watoto wakae mbali.

6. Kinachoondoka kiondoke vizuri. Tafuta wanaopokea taka za umeme na kuzichakata bila kuchoma. Mkokoteni ni rahisi, lakini moshi wake mnaugawana mtaa mzima.

7. Nakilini sasa. Kama nyumbani kwenu kuna flopi, kanda au CD za wazazi, msingoje wazazi waondoke. Kwetu zilipona nne kati ya kumi na moja.

Kompyuta ya mzee hatukuibeba kuja Dar. Imebaki Ifakara, kwenye meza yake ile ile, nyeupe, na kitambaa kimefuliwa. Tulinakili kila kilichosomeka, na POSA1 tumeichapa. Iko kwenye fremu sebuleni, kwenye kona ile ile niliyoisafisha kwa shilingi 18,000.

Wageni wakiuliza, mume wangu anataka kuanza na prosesa. Mimi namkatisha, naanza na barua.